Kurasa nne baada ya sala

Ramadhani ikikaribia, kuna hesabu moja inayozunguka Unguja na Pemba bila ya mtu kuiandika popote. Msahafu wa mistari 15 una kurasa 604. Juzuu ni 30, kila juzuu kurasa kama 20. Sala za faradhi ni tano. Basi ni kurasa nne baada ya kila sala, na mwezi wa Mfungo Mosi ukiandama khitma imetimia. Muuza samaki anaifanya, mwalimu anaifanya, mama mwenye watoto wanne na sufuria la futari jikoni anaifanya. Simu zao ni zile zile, na WhatsApp yao ni ile ile.

Halafu sikukuu inapita. Waulize watu hao hao mara ya mwisho walisoma kitabu cha hadithi lini, utaambiwa: "Siku hizi siwezi, akili haitulii, simu imeniharibu." Ni nusu ya kweli. Akili iliyotulia siku 30 juu ya kurasa 604 haijaharibika. Kilichokuwapo Ramadhani na sasa hakipo ni mpango: kipande kinachojulikana, saa inayojulikana, na kitabu kilichowekwa pahala pake. Ibada ina msukumo wake ambao riwaya haina, na hapa hatuviweki viwili hivyo katika mizani moja. Tunaazima ratiba tu.

Kabla ya kupanga lolote, pima mwendo wako. Chukua kitabu cha hadithi ambacho hujakisoma, tizama saa, soma dakika 15 bila ya kukimbia, kisha hesabu kurasa. Aliyezoea hupata 7 au 8 za riwaya ya kawaida. Aliyekaa miaka bila ya kusoma hupata 4 au 5, tena hujikuta akirudia sentensi moja mara mbili kwa sababu jicho lilipita na akili ilibaki nyuma. Usihangaike na zile hesabu za "maneno mangapi kwa dakika" zinazopita mitandaoni. Zimepimwa kwa Kiingereza, na neno letu moja, tuseme "hawatakupeleka", lina kazi ya maneno yao manne. Sisi tupime kwa kurasa.

Tuseme umepata kurasa 5, yaani dakika 3 kwa ukurasa. Kurasa nne ni dakika 12. Riwaya nyingi za Kiswahili zina kurasa baina ya 150 na 250. Chukua ya 200. Ukisoma kurasa nne mara mbili kwa siku, itakwisha kwa siku 25. Ukisoma baada ya kila sala itakwisha kwa siku 10, lakini usianze hivyo. Anza na nyakati mbili, na zangu za kupendekeza ni baada ya Alfajiri na baada ya Alasiri. Alfajiri nyumba bado kimya na hakuna aliyekuandikia lolote la kujibiwa. Alasiri pana mwanga wa kutosha, jua limelegea, na mpaka Magharibi umebakiwa na zaidi ya saa mbili. Baina ya Magharibi na Isha panaonekana pazuri kwenye karatasi, ila ndipo watoto wanaporudi na wageni wanapobisha hodi. Wakati huo wawachie wao.

Mpango huu una ugonjwa wake mmoja, nao ni deni. Mtu anakosa siku mbili, anajihesabia kurasa 16 za kulipa, siku ya tatu zinakuwa 24, ya nne kitabu kinageuziwa ukutani. Kwenye khitma unalipa kwa sababu mwezi una mwisho. Riwaya haina mwezi unaoisubiri. Kurasa zilizokupita zimesamehewa; leo ni nne zako za leo, basi.

Jambo dogo lenye faida kubwa: usisimame mwisho wa sura. Mwisho wa sura ni mlango uliofungwa, na kesho utatafuta sababu ya kuufungua. Simama katikati ya mazungumzo, mtu ameshaulizwa swali na hajajibu. Weka alama, funga. Alama nzuri kuliko zote ni kipande cha ukili, urefu wa kiganja, upana wa vidole viwili. Ni chembamba, hakitelezi kama karatasi wala hakikunji ukurasa. Kiwe kikavu kabisa, na kisiwe cha rangi, maana rangi ya ukili hutoka ikipata unyevu na utaikuta imehamia kwenye maandishi.

Simu iende wapi

Kuilaza kifudifudi pembeni mwako hakutoshi. Kuiweka chini ya mto ni vibaya zaidi. Iweke chumba kingine, kwenye chaja, mbali kiasi cha kukubidi uinuke na kutembea. Simu haikishindi kitabu kwa utamu. Inakishinda kwa ukaribu, na ukiipeleka hatua kumi mbali umeshamaliza nusu ya kazi.

Kuna sababu ya haki inayowafanya watu wa visiwani wasizime simu: misiba. Habari ya kifo hupita kwenye makundi, na maziko hayangoji. Kwa hivyo usizime. Tumia hali ya "Usisumbue" iliyomo kwenye mipangilio ya simu, ruhusu wachache unaowataka, wazee na watoto, kisha washa kipengele cha anayerudia kupiga. Kwenye Android, mtu akikupigia mara ya pili ndani ya dakika 15 simu italia; kwenye iPhone ni ndani ya dakika 3. Waambie ndugu sentensi moja tu: "Likiwa la haraka, nipigie mara mbili." Hapo mtu hana udhuru tena.

Baada ya hapo shughulika na vile vijisababu vinavyokuinua kuifuata. Mara nyingi ni vinne. Unataka kujua saa: nunua saa ya mezani. Unataka mwanga: tochi au taa ya kuchaji. Unataka maana ya neno: kamusi ya karatasi iwe pale pale, na ile ya BAKIZA (Baraza la Kiswahili la Zanzibar) iliyotoka 2010, Kamusi la Kiswahili Fasaha, ndiyo inayofaa kwa riwaya za huku. Unataka kukumbuka jambo ulilolikumbuka ghafla (gesi imekwisha, fulani hujamjibu): daftari na kalamu. Hili la nne ndilo linalovunja watu wengi zaidi. Akili ikitulia huanza kutapika madeni yake yote, na ukiinuka kulipa moja umekwenda. Andika, endelea kusoma.

Hata kamusi usiifungue kila neno. Tia nukta ya penseli pembeni, malizia kurasa zako nne, kisha tafuta yote pamoja. Mengi utakuta yamejieleza yenyewe mistari miwili mbele.

Pengine ni macho

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu nadhani ndipo wengi wanapojionea bure. Mtu wa miaka 43 anashika kitabu, baada ya kurasa mbili kichwa kinamgonga, anakiweka na kusema hamu imemtoka. Hamu ipo. Karibu na miaka 40 lenzi ya jicho huanza kukakamaa na haiwezi tena kubadili umbo lake vizuri kutizama vitu vya karibu. Ni jambo la umri, linamfika kila mtu, hata aliyekuwa akiona meli ikiwa bado upeoni. Simu ilikuficha usilijue: ina mwanga wake, na herufi unazikuza kwa vidole viwili. Kitabu hakikuzwi.

Jipime hivi. Toka nje saa tatu asubuhi, kivulini, shika kitabu sentimita 40 kutoka usoni. Kama herufi zinayumba, na ukinyoosha mkono zaidi zinatulia, jawabu umepata. Miwani ya kusomea iliyo tayari huuzwa kwa namba. Mwenye miaka 40 hadi 45 huhitaji kiasi cha +1.00 mpaka +1.50, wa 50 huwa karibu na +2.00, wa 60 hufika +2.50. Usichague kwa kuikodolea macho bango la dukani. Nenda na kitabu chako, kishike sentimita 40, anza na namba ndogo, panda, na simama kwenye namba ya kwanza inayokusomesha bila ya kukaza macho. Kosa la kawaida ni kuchukua kali zaidi "ili idumu". Hiyo itakulazimisha ukilete kitabu puani, na maumivu ya kichwa yatarudi kwa mlango wa nyuma.

Miwani hizo zina nguvu sawa pande zote mbili, na macho ya wengi hayako sawa. Ziba moja, soma. Ziba jingine, soma. Tofauti ikiwa kubwa, nenda kliniki ya macho. Mwenye sukari aende kliniki vyovyote vile, kwa sababu kuona kwake kunapanda na kushuka pamoja na sukari yenyewe, na miwani ya leo inaweza isimfae wiki ijayo.

Taa, mbu na usingizi

Taa ya katikati ya dari haisomeshi. Inakaa nyuma ya kichwa chako na kukuletea kivuli chako mwenyewe juu ya ukurasa. Kinachotakiwa ni taa ya pembeni, juu kidogo ya bega, kiasi cha nusu mita mpaka mita moja kutoka kitabuni. Globu ya LED ya wati 7 inatosha. Chagua yenye mwanga wa manjano; kwenye boksi hutajwa kwa namba 2700K au 3000K. Nyeupe ya 6500K inachosha usiku, na masika itakuitia kila mdudu mwenye mbawa. Ya manjano nayo huwaita, lakini wachache. Siku za kumbikumbi zima tu ukalale.

Kusoma ndani ya chandarua ni raha isiyo na mfano, na kwa hilo kuna vitaa vidogo vya kubana kwenye jalada, vya kuchaji. Kibatari au mshumaa ndani ya chandarua hapana, hata dakika moja. Na taa ya kuchaji iwepo nyumbani vyovyote. Waliokuwapo Unguja Desemba 2009 hadi Machi 2010, pale kebo ya baharini ilipoharibika na kisiwa kikakaa kiasi cha miezi mitatu bila ya umeme, hawahitaji kuhubiriwa. Ichaji mchana, maana usiku umeme ukizimika ndipo nafasi ya kusoma inapopatikana yenyewe: hakuna televisheni, na ruta ya intaneti imezimika pia.

Juu ya usingizi yamesemwa mengi, mengine ya kutia chumvi. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwishoni mwa 2014 uliwafuata watu 12. Usiku tano walisoma kwenye kifaa chenye mwanga kwa saa nne kabla ya kulala, na usiku tano walisoma kitabu cha karatasi. Kwenye kifaa walichelewa kupata usingizi kwa kiasi cha dakika 10, na homoni ya usingizi ilishuka. Dakika 10 si balaa, na watu 12 ni wachache. Kinachokuweka macho mpaka saa saba usiku ni yaliyomo ndani ya simu, zaidi ya mwanga wake. Kadhalika kwenye kuelewa: mapitio ya tafiti 54 yaliyotoka 2018 yalikuta karatasi inaishinda skrini kwa maandishi ya maarifa, hasa msomaji anapobanwa na muda, lakini kwa hadithi hayakukuta tofauti. Kwa hivyo mwenye kisomeo cha wino wa elektroniki, kisicho na ujumbe wala video, na asome kwa amani. Ila kusoma PDF ya riwaya kwenye simu ile ile ya makundi ni kumpa fisi ulinzi wa bucha.

Kusoma kitandani ukiwa chali kuna mwisho mmoja: kitabu usoni. Kama unataka usingizi, sawa. Kama unataka kurasa, kaa kitako, mgongo uwe na kitu cha kuegemea, kitabu juu ya mto uliopakatwa ili shingo isiiname.

Kitabu gani, na cha kutoka wapi

Kosa la anayerudi ni kuanza na kitabu anachoona "kinamfaa": historia ya kurasa 600, au kile cha kumfanya awe tajiri. Anza na chembamba chenye kisa kinachokimbia. Upelelezi ni mzuri kwa sababu unakudai ujibu swali. Na hapa tuna bahati ya pekee, kwani riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilizaliwa kwetu. Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla ulichapwa 1960, na mpaka leo unasomeka bila ya kusukumwa. Ukishapata pumzi, Adam Shafi: Kuli, ya 1979, inayoingia mpaka kwenye mgomo wa makuli wa bandarini mwaka 1948, kisha Vuta n'kuvute, ya 1999, ambayo ni ndefu zaidi. Ladha ya kusoma kitabu ambacho mtaa wake unaupita kila siku ukienda sokoni haina mbadala. Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobel ya Fasihi 2021, naye sasa anasomeka kwa lugha yetu: Paradise yake ya 1994 ilitoka kwa Kiswahili 2022 kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis.

Baadhi ya riwaya hizi watu walizisoma skuli kwa ajili ya mtihani, wakiwinda dhamira, wahusika na tamathali za usemi kama anayechambua mchele. Ndiyo maana jina la kitabu tu linawatia uvivu. Zisome upya bila ya kalamu. Na usianze na utangulizi. Tangulizi nyingi za riwaya zetu ziliandikwa na wahakiki kwa wanafunzi, na hukupa kisa chote mpaka mwisho. Usome baadaye, ndipo utakapokuwa na maana.

Kisichokuvuta kiwache kwenye ukurasa wa 50. Si dhambi, wala hakuna atakayekutahini. Kikiwa cha kurasa 120, kiwache kwenye wa 30.

Kupata: Unguja kuna Maktaba Kuu ya Maisara, Pemba kuna maktaba ya Chake Chake, maduka ya vitabu mjini yamejikusanya zaidi maeneo ya Darajani. Mengi yanaweka vitabu vya skuli mbele, hivyo uliza za hadithi ziko rafu gani, mara nyingi ni ya nyuma au ya chini kabisa. Angalia chapa kabla ya kulipa: fungua katikati, hakikisha hakuna kurasa zilizorukwa au zilizochapwa kinyume, na usiogope kuvinusa vitabu. Harufu ya chumba kilichofungwa ni ukungu, na huo utaupeleka nyumbani kwa vingine.

Hatari nyingine iko baina ya kitabu na kitabu. Umemaliza, umefurahi, cha pili huna. Siku ya tatu simu imesharudi kwenye kiti chake. Zikibaki kurasa 30, cha kufuata kiwe kimeshafika ndani ya nyumba.

Na kuazimana: tuseme ukweli, kitabu kilichoazimwa Unguja kina safari ndefu kuliko jahazi. Weka daftari, andika jina na tarehe mbele ya mwenyewe anayeazima. Hatachukia, na akichukia umejua mapema.

Mbele ya watu

Ukikaa barazani na kitabu, atakayepita atakuuliza una nini. Kwetu mtu aliyeinamisha kichwa peke yake amenuna, anaumwa, au ana mtihani. Mtu akiinamia simu hakuna anayemuuliza, jambo ambalo ni la kuchekesha ukilifikiria. Dawa si kujificha ndani. Soma kwa sauti. Baraza zetu zilikuwa zikisomewa gazeti, mmoja anasoma na kumi wanabishana, na riwaya inafanyika hivyo hivyo. Kusoma kwa sauti ni kwa polepole, ukurasa dakika 3 mpaka 4, kwa hivyo kurasa nne zinakula robo saa. Ndicho kipimo kizuri pia kwa watoto baada ya Isha. Badilisha sauti kwa wahusika wawili tu, wengine waseme kwa sauti yako. Ukijaribu sita utajichanganya mwenyewe.

Mashairi hayasomwi kimya hata kidogo. Shairi la kawaida lina mizani 16 kwa mshororo, nane kwa nane, na pale katikati pana kina kinachotaka kusikika. Jicho likipita peke yake linaona maneno, na shairi lenyewe linabaki nje. Ubeti mmoja kwa siku unatosha.

Kwenye daladala soma tu ikiwa imesimama ikingoja abiria. Kwenye boti ya kwenda Pemba soma mpaka mtoke kwenye kivuli cha Unguja. Mkipita Nungwi na mawimbi yakianza, funga. Jicho linaambiwa ukurasa umetulia, sikio la ndani linaambiwa chombo kinayumba, na mgogoro huo unamalizikia tumboni. Kaa sehemu ya chini ya katikati, tizama upeo wa bahari, kitabu kitakusubiri Mkoani.

Unyevu

Vitabu vya kwetu vinakufa kwa hewa kuliko kwa mikono. Ukungu unaota pale unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 65 siku kadhaa mfululizo, na masika inapita hapo bila ya kuulizwa. Nyumba za Mji Mkongwe zina tatizo la ziada: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hufyonza maji kutoka ardhini, na chumvi hupanda nayo. Rafu iliyoegemezwa kwenye ukuta wa nje ni kaburi la vitabu. Iweke kwenye ukuta wa ndani, na baina ya ukuta na rafu wacha nafasi ya sentimita 5 hadi 10 hewa ipite. Tundu la chini kabisa liwe sentimita 15 juu ya sakafu. Usivibane: kati ya safu kidole kipenye, na kitabu kitolewe kwa kushikwa mbavu zake. Ukikivuta kwa ncha ya juu ya mgongo, ndipo kinapoanza kupasuka. Kabati la kioo linapendeza wageni, lakini likifungwa muda wote linakuwa chungu cha kuvundikia ndizi. Lifungue saa moja kila siku ya kiangazi.

Masika ikishakwisha na kusi ikakaa vizuri, vitoe vyote. Tandika mkeka kivulini penye upepo, visimamishe vimefunguka kama kipepeo, saa 2 mpaka 3. Jua kali hapana: karatasi hugeuka manjano na gundi ya mgongo hukatika kama biskuti.

Ukiona ukungu, kwanza kitenge kitabu hicho na wenziwe. Usikimbilie kitambaa cha maji. Ukungu mbichi ukiufuta unaupaka ndani ya karatasi, na doa litabaki milele. Kausha kwanza, mpaka ukungu uwe unga. Toka nje, kaa upande upepo unakotoka ili usikurudie, funga pua na mdomo, na upanguse kwa brashi mpya ya rangi ya inchi 2, kutoka mgongoni kwenda nje. Brashi hiyo usiitumie tena kwa kitabu kisicho na ukungu.

Wadudu wanaotoboa karatasi wanauawa kwa friza. Tia kitabu kikavu ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, funga vizuri, kigandishe wiki nzima. Ukikitoa usifungue mfuko kwa siku moja kamili, maana maji yatajikusanya juu ya kilicho baridi, na ni bora yajikusanye juu ya plastiki kuliko juu ya jalada. Umeme ukiwa unakatika katika wiki hiyo, anza upya. Mchwa hauna friza: ukiona njia ya udongo nyuma ya rafu, hamisha vyote saa ile ile, kisha ndipo uanze kuutafuta unakotokea.

Karafuu watu wanazitia baina ya kurasa. Zisiwekwe hapo. Zina mafuta, na mafuta huacha duara la kahawia. Zifunge kwenye kitambaa, ziweke nyuma ya rafu kwa ajili ya harufu yake nzuri, na usizitegemee kwa zaidi ya hilo.

Kitabu kikirowa, dari imevuja au kimeanguka chomboni, una kama siku mbili kabla ya ukungu kuanza. Kikiwa cha maji ya chumvi, kisuuze kwa maji baridi hali kimefungwa, usikifungue ndani ya maji. Kikamue kwa kukibonyeza baina ya taulo mbili, bila ya kukisokota. Kisha tia karatasi ya jikoni kila baada ya kurasa 20, na uzibadilishe kila saa moja au mbili siku ya kwanza. Feni iwake, lakini isikipige moja kwa moja. Kama kina kurasa za kung'aa za picha, hizo zinagandana zikikauka, kwa hivyo karatasi iingie kila ukurasa, au kigandishwe kama kilivyo mpaka upate nafasi. Kikikaribia kukauka, bado kina ubaridi ukikigusa, kilaze chini ya mbao na matofali mawili kwa siku tatu. Kurasa zitabaki na mawimbi, lakini zitasomeka.